Vipimo vya Mtu Mrefu

Busia, 6 Mei 1968

Mdogo wangu Yahya,

Assalaam alaikum. Sisi huku tunalala na kuamka, na kwa sasa hiyo ndiyo afya yetu. Mvua imetushika wiki nzima. Lori la Muzafaru lilikwama matopeni likitoka Port Victoria na samaki wote wakaharibika, harufu ikafika mpaka msikitini, na yeye anazunguka mjini akilaumu kila mtu isipokuwa dereva, ambaye ni yeye mwenyewe. Shangazi Zulaika anakusalimu. Anauliza kama Nairobi hakuna chakula, maana ulipokuja Idd el-Haj alikuona umekonda, na tangu siku hiyo hajanyamaza.

Sasa neno lenyewe. Telegramu niliyokupelekea ilisema Baba anaumwa, haikusema zaidi kwa kuwa telegramu haina nafasi ya kusema. Ni kiharusi. Alianguka pale barazani akiwa amesimama mezani, mkasi mkononi. Mdomo umerudi karibu wote, ingawa maneno mengine yanatoka yamekunjwa. Mguu unarudi; anatembea akishika ukuta. Mkono wa kulia ndio umekataa. Unaning'inia tu. Hataki kulishwa, anakula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, na Shangazi anageuka upande ili asimwone.

Unajua mkono huo ni mkono gani. Cherehani naweza kuendesha mimi, sketi za wasichana wa shule na suruali za watu wa kastamu zitashonwa. Lakini sanda za Waislamu wote wa mji huu alikuwa anakata yeye, kwa thawabu, na hakuwahi kumfundisha mtu. Jana aliutazama mkono wake akaniambia, "Hii sasa ni ya nani?" Nikaenda kuanua nguo.

Wewe ndiye unayevaa koti jeupe hospitalini. Tuambie la kufanya.

Dada yako,
Hadijah


Nairobi, 22 Mei 1968

Dada Hadijah,

Waalaikum salaam, na pole kwa mzigo unaoubeba peke yako. Nimechelewa kwa ajili ya zamu, usinune. Mwambie Shangazi kwamba kukonda ni mtindo wa huku, hata mabosi wanakonda kwa hiari yao. Mimi niko sawa.

Umeandika kwa mtu anayefaa. Katika chumba chetu cha mazoezi kuna mama mmoja Mskoti, sisi tunamwita Mama Viungo, na ana jambo lake ambalo madaktari wengine wanalicheka. Mimi silicheki tena, nimeliona likifanya kazi kwa wazee. Anasema akili na mkono wamekosana, na ukiulazimisha mkono peke yake unazidi kununa. Kwa hiyo anaanzia kichwani.

Mkalishe Baba kwenye kiti chake cha kazi, si kitandani. Afumbe macho. Achague kazi moja ambayo mkono huo umeifanya maisha yake yote, kisha aifanye kichwani, polepole, kwa mkono wa kulia, toka mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Asijitazame kwa mbali kama mpita njia. Awe ndani ya mkono. Asikie ubaridi wa mkasi na uzito wake, asikie kitambaa kinavyokataa kidogo kabla ya kukubali. Akishamaliza ndipo ajaribu kwa mkono wa kweli, hata kama ni kidole tu. Kila siku, asubuhi na alasiri, wala asichoshwe.

Na jambo moja usilisahau. Bibi mmoja wa Kiambu alishindwa kabisa kwa sababu alikuwa anapika uji wa hivihivi, hauna mnywaji. Alipoambiwa ampikie mjukuu wake anayemjua kwa jina, vidole vikaanza kucheza. Baba naye asishone nguo ya mtu yeyote tu. Ashone ya mtu anayemjua, mwenye vipimo ambavyo anavyo kichwani. Picha ikiwa na mtu ndani yake, mkono unaifuata.

Nitajitahidi kuja Maulidi.

Mdogo wako,
Yahya


Busia, 18 Juni 1968

Yahya,

Salamu nyingi. Maulidi imesomwa na kupita, pilau imeliwa, na wewe hatukukuona wala hatukupata neno. Nilikuwekea nyama, nikamtuma Bwire yule wa baiskeli akaipeleke ng'ambo kwa binamu zetu kabla haijaharibika. Shangazi mzima. Mahindi ya Chakol yamefika sokoni mapema na bei si mbaya.

Mazoezi yako tumeyaanza. Siku ya kwanza Baba alicheka, akasema ametumia maisha yake yote kufungua macho kazini, na leo mtoto aliyemlipia shule anamwambia ayafumbe. Lakini alikaa. Nilimwambia achague kazi moja na mtu mmoja anayemjua. Akafikiri sana, akasema tayari amempata. Nikamuuliza ni nani. Akasema mazoezi ni yake, si yangu.

Yahya, mkono umeanza. Kwanza kidole gumba, halafu viwili vinavyofuata. Juzi alishika ukingo wa meza. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu.

Ila kuna kitu. Mimi ni fundi, nilikua chini ya meza ile, najua nguo kwa kusikia tu jinsi inavyoshonwa. Baba akifumba macho midomo yake inatembea, na mguu wake hautikisiki. Yaani hakanyagi cherehani. Anapima, anakata, kisha anachana mikanda kutoka kitambaa hichohicho. Hapimi shingo, hapimi mkono. Hakuna kitufe. Mwanzoni nilijifanya sijui, lakini Shangazi naye alikuwa amekaa pale, tukatazamana.

Ni sanda. Baba anakata sanda kila siku, asubuhi na alasiri, na ndani yake kuna mtu anayemjua.

Wewe unajua desturi yake. Hajawahi kutoa bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, sandukuni kabla habari ya msiba haijafika mlangoni. Hata mgonjwa awe wa kukata tamaa, hata jamaa waje na kitambaa chao, anawaambia warudi nacho. Sasa nifanye nini, nimzuie?

Hadijah


Nairobi, 2 Julai 1968

Dada,

Salamu kwenu wote. Nimefurahi mpaka nimemsomea Mama Viungo barua yako, yaani ile sehemu ya vidole. Amesema Baba ni mwanafunzi bora kuliko wote alio nao.

Hiyo nyingine usiitie moyoni. Amechagua kazi ya mkono mtupu isiyo na mashine, na ndiyo inayomfaa. Kichwani hakuna kitambaa kinachokatwa na desturi yake haijavunjwa. Muache aendelee. Kuhusu Maulidi, nilikuwa na zamu.

Yahya


Busia, 25 Julai 1968

Yahya,

Salamu. Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti ya posta. Hata Shangazi hukumtaja, na leo ameniambia nisikwambie kwamba ameona.

Habari za huku si nzuri. Mzee Sowedi muuza nyama amefariki, alianguka ghafla dukani kwake. Siku moja kabla alipita barazani, akasimama kumjulia hali Baba, na Baba akamtazama kutoka kilemba mpaka viatu bila kujibu salamu. Mimi najua alikuwa katikati ya mazoezi, alikuwa amefumbua macho tu lakini hajatoka kule alikokuwa. Watu waliokuwa wamesimama pale hawakujua hivyo. Na Shangazi, Mungu amsamehe, alikuwa tayari amewaambia wanawake kisimani Baba anashona nini kichwani.

Sasa mji umeanza kutuzunguka. Wanaokwenda forodhani wanavuka barabara wakifika kwetu, wanapitia upande wa duka la Mhindi. Auma wa samaki haleti tena beseni lake barazani, anaita kutoka mbali. Bwire alikuja kwa mlango wa nyuma. Aliniambia hivi: "Dada Hadijah, mimi na mzee hatuna maneno. Lakini aliniangalia kutoka kichwa mpaka kwa kiatu, ni kama alikuwa ananipima. Mimi niko na watoto. Barua yako nitapeleka posta kila siku, lakini hapo kwa baraza sipiti." Nilitaka kumcheka, nikashindwa, kwa sababu alikwisha geuza baiskeli.

Sanda ya Sowedi ilikatwa na kijana fundi aliyetoka Mumias. Alipima vibaya. Ilikuwa fupi, ikabidi miguu ifunikwe kwa kipande kingine cha rangi tofauti, na kila aliyekuwa pale aliona. Baba alipelekwa mazishini kwa lori la Muzafaru. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akafumba macho, na alasiri hiyo kwa mara ya kwanza aliunyanyua mkasi wa kweli kutoka mezani kwa mkono wa kulia. Ulikaa mkononi muda mfupi kisha ukaanguka. Muzafaru aliuona, akaondoka bila kumaliza chai.

Mimi naogopa, Yahya. Sijui kama naogopa mkono usipone au upone.

Hadijah


Busia, 29 Agosti 1968

Yahya,

Salamu. Sijapata jibu la barua yangu ya Julai. Bwire anasema posta haijapoteza kitu, amewauliza mpaka wamemfukuza.

Mkono unashika kijiko sasa. Unafunga kifungo. Asubuhi Baba anachana karatasi za gazeti kwa mstari ulionyooka, na mimi nazichoma jikoni.

Nitakwambia nilichokisikia, wewe ufanye utakavyo. Anapopima anataja vipimo chini chini, na mimi nimevisikiliza. Ni mwanamume, kwa sababu vile vipande vya ziada vya sanda ya kike havipo. Ni mrefu, mrefu kuliko watu wa mtaa huu. Na ni mwembamba. Si Sowedi aliyekuwa na tumbo lake, si Bwire anayenifika begani, si Muzafaru. Baba anapofika mabegani anasita, anarudia, kana kwamba kipimo cha zamani na kipya havilingani.

Tafadhali niandikie unaendeleaje. Kile kikohozi cha Idd kiliisha? Na mbona bahasha ya mwisho haikuwa na mwandiko wako?

Hadijah


Nairobi, 20 Septemba 1968

Dada Hadijah,

Salamu kwako, kwa Baba na kwa Shangazi, mwambie sikumsahau. Anayeandika ni Ekisa, mpishi wa hapa hospitali, mtu wa Amagoro. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimeumia kidole kidogo tu.

Mazoezi ya Baba yasimame. Nasema yasimame leo. Nilikosea kumwambia aweke mtu ndani. Kama anataka kuendelea, achague kazi nyingine, apige pasi, avute maji, achonge mchi, chochote kile. Kazi ile sitaki tena aifanye, na sitaki kusikia vipimo vyake. Wewe ni mtu mzima na una akili, ulikuwa unangoja nini muda wote huo usimzuie?

Kikohozi kiliisha.

Yahya

Dada, mimi Ekisa naongeza kwa ruhusa yangu mwenyewe. Kidole chake hakina kitu. Yuko wodini, si kazini.


Busia, 6 Oktoba 1968

Yahya mdogo wangu,

Salamu zangu na mpelekee Ekisa salamu za pekee, Mungu amzidishie. Usimkasirikie. Mimi ndiye mwenye haki ya kukasirika, na nimekwisha kasirika, nimevunja sahani mbili, sasa nimekaa chini niandike.

Nilifanya ulivyoagiza. Nilimwambia Baba aache, nikasema ni amri ya hospitali. Hakubisha. Aliacha, na kila siku aliyoacha mkono ulirudi nyuma. Kifungo kikamshinda. Kisha kijiko. Ijumaa alimwaga wali wote mapajani akabaki anautazama, na Shangazi akatoka nje.

Nilijaribu kazi nyingine kama ulivyosema. Nikamwambia Baba apige pasi kichwani, achote maji. Akasema anaona pasi lakini haoni mkono. Ndipo nikamuuliza waziwazi, nikataja jina lako. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

"Yahya alikuja Idd. Nilimshika hapa kwa bega, nikampima na mkono. Bega ilikuwa imeisha. Kutoka stendi mpaka hapa nyumbani alikaa chini njiani, na wewe uliona. Ukaniambia ni jua."

Ni kweli, nilisema ni jua. Nilitaka sana liwe jua.

Nikamwambia, Baba, wewe hukatii mtu sanda akiwa hai, ni desturi yako. Akasema, "Mimi sijakata. Bafta iko kwa sanduku, enda uangalie. Mimi naona tu kwa kichwa, nitengeneze mkono. Wewe uliona vile yule kijana alifanya Sowedi. Mguu inje, watu wanaangalia. Mtoto yangu hapana. Mtoto yangu nitafanya mimi." Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu siku aliyokushika bega hajalala usingizi wa kutosha, na kwamba kiharusi kilimkuta akikufikiria wewe.

Nilikwenda kuangalia sanduku. Bafta ipo, haijaguswa. Nikalifunga, na niliporudi Baba alikuwa amekwisha fumba macho tena kwa kazi ileile, sikumzuia.

Nilikuwa nakuomba habari, sasa sikuombi habari tena. Njoo nyumbani. Kama wamekupa dawa, njoo na dawa. Hapa utalala kitandani kwako na utakula, na Baba akuone ukiwa umekaa mbele yake, labda picha ile itaondoka kichwani.

Dada yako,
Hadijah


Nairobi, 22 Oktoba 1968

Dada yangu mpenzi,

Leo naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Salamu kwa Shangazi. Mwambie alikuwa na haki tangu mwanzo, afurahi, maana sisi hatumpi ushindi mara nyingi.

Ni moyo. Ule uliokuwa ukinisumbua utotoni, mkadhani umepita. Kikohozi kinatoka huko, na miguu imeanza kuvimba. Madaktari walijua tangu mwezi wa kwanza. Sikuwaambia kwa sababu nilikuja Idd nikiwa na nia ya kuwaambia, nikamkuta Baba amefurahi, nikala nikaondoka. Halafu yeye akaanguka, na ningeandika vipi hapo? Ile safari ya Maulidi niliyoikosa, sikuwa na zamu yoyote.

Daktari ameniruhusu kusafiri, anasema haina tofauti nikiwa huku au huko, na amelisema bila kunitazama. Nitapanda treni ya Kampala na nitashuka Malaba Ijumaa tarehe 8 Novemba. Muzafaru aje na lori, akubali au asikubali.

Nimemsamehe Baba kabla hajaniomba. Ningekuwa na mtoto ningetaka kumfanyia kazi hiyo kwa mkono wangu vilevile. Lakini mimi bado ni kijana, Hadijah, na naogopa. Kila siku asubuhi na alasiri najua ni saa ya mazoezi yake, na hapo pumzi inakatika. Ekisa anasema ni fikra tu. Mama Viungo ndiye aliyenifundisha kwamba fikra si fikra tu.

Kwa hiyo nina ombi moja. Ramadhani inaingia mwezi ujao, na baada yake ni Idd. Mwambie Baba vipimo ni vilevile na mtu ni yuleyule, abadilishe nguo peke yake. Aone kanzu. Aweke shingo, aweke mikono, atarizi kifua kama anavyotarizi za maharusi, na aione mpaka mwisho, nikiwa nimeivaa siku ya Idd. Mkono hautapoteza kitu. Mama Viungo amesema kanzu itafaa.

Yahya


Busia, 29 Oktoba 1968

Yahya,

Salamu za watu wote wa nyumba hii. Muzafaru amekubali kuja Malaba, amesema atafagia lori magamba ya samaki na ataweka godoro. Bwire amekuja leo kwa mlango wa mbele, akamsalimia Baba na kumshika mkono. Shangazi hajisifu. Amekaa tu.

Nilimsomea Baba barua yako yote, sikuruka mahali. Nilipofika kwenye ombi lako alisimama mwenyewe bila ukuta, akajiweka kwenye kiti, akaniambia nizuie watu. Akafumba macho. Nilikaa miguuni pake na yeye akaanza kutaja, kwa sauti, ili nisikie anatimiza. Urefu. Mabega. Alitaja shingo. Nikaona mkono wa kulia unanyanyuka taratibu unafuata, vidole vyote vimepona, vinashika vizuri kama zamani sindano isiyokuwepo, nami nikaanza kushukuru.

Alitaja mikono, akatarizi kifua, lakini alipofika mahali pa kukuvisha alikwama. Akarudi mwanzo. Akaanza tena, akasimama palepale. Alifanya hivyo tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, jasho linamtoka, na mimi nimemshika goti. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu kiasi kile.

Mwishoni alifumbua macho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akaniambia, "Kanzu nimeiona. Imekaa vizuri, na kifua nimetarizi. Lakini mtu haingii."

Yahya, usingoje Ijumaa ya tarehe nane. Panda treni yoyote itakayotangulia.

Hadijah